Betri Inayokaa Mahali Pake: Mjadala wa Mwenye Gari, Muuzaji na Fundi

Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya magari madogo huingia yakiwa yameshatumika Japani, swali la betri ipi inalifaa gari la siku nyingi huulizwa dukani kana kwamba ni swali la bei peke yake, ilhali ndani yake mna mambo manne yanayostahili kutenganishwa: ukubwa wa kasha, upande ziliko ncha, namna betri inavyofungwa isitikisike, na kiasi cha umeme inachoweza kuhifadhi na kutoa. Mjadala unaofuata unaweka pamoja sauti tatu ambazo husikika zikipishana katika maduka ya vipuri, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala. Ya kwanza ni ya Mwenye Gari, ambaye hapa ni mwalimu mstaafu mwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Ya pili ni ya Muuzaji, mama mwenye duka la betri. Ya tatu ni ya Fundi wa umeme wa magari. Gari linalojadiliwa limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, kitabu chake cha maelekezo kiliandikwa kwa Kijapani na hakijulikani kilipo, na betri iliyokufa ingali imekaa ndani yake.

Mwenye Gari anaanza kwa hoja ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina mpinzani, kwamba betri mpya iwe sawasawa na iliyotolewa, na kwamba njia ya uhakika ni kuibeba ile ya zamani mpaka dukani ikalinganishwe na zilizopangwa pale. "Mama, iliyokufa ni hii hapa," anasema, "inatakiwa nyingine yenye namba hiyohiyo, isizidi wala isipungue." Muuzaji hana neno, kwa kuwa utaratibu huo humwokolea muda na kumkinga na lawama za baadaye. Anayekataa ni Fundi. "Shikamoo Mwalimu. Hapo pana tatizo. Betri unayoikuta ndani ya gari la siku nyingi inaonyesha kilichopatikana dukani siku gari lilipokwama. Haionyeshi kilichokusudiwa na kiwanda."

Kauli hiyo ina uzito kuliko inavyosikika, kwa sababu betri ya gari linalotumika kila siku katika joto la pwani huishi miaka michache tu, na hivyo Corolla iliyoundwa miaka 30 iliyopita imekwisha kubadilishiwa betri mara nyingi, na watu tofauti, kila mmoja na haraka yake na kiasi cha pesa alichokuwa nacho mfukoni. Athari za mabadiliko hayo humdhihirikia anayefungua boneti na kutazama kwa utulivu: waya wa chanya uliovutwa hadi ukakaza, au uliounganishwa na kipande cha rangi nyingine na kuviringishiwa utepe, chuma cha kufungia betri kilichopotea, na nafasi yake ikachukuliwa na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kipande cha mbao kilichosukumizwa ubavuni ili betri nyembamba isicheze ndani ya trei pana. Anayenunua kwa kufuata namba ya betri iliyokaa namna hiyo anarithi makosa ya waliomtangulia na kuyalipia upya.

Kinachoaminika zaidi ni trei, yaani kile kikalio chenye kingo ambacho kitako cha betri huingia, kwa kuwa wanaobadilisha betri mara chache hujisumbua kubadilisha kilicho chini yake. Fundi anataka trei isafishwe kwa maji yenye magadi ya kuokea mikate, yanayoua nguvu ya tindikali iliyomwagika, kisha ipimwe kwa rula urefu na upana wa ndani. Nyaya nazo zipimwe zinafika wapi zikiwa zimelegea. Na kimo kipimwe kutoka trei mpaka chini ya boneti. Kimo ndicho kinachosahaulika, na hupimwa kwa urahisi: donge la udongo laini huwekwa juu ya kasha tupu lenye kimo cha betri inayokusudiwa, boneti hushushwa taratibu hadi lifunge, kisha hufunguliwa na donge kutazamwa limebakiwa na unene gani.

Baada ya vipimo hivyo Muuzaji anapata nafasi yake ya haki, kwa sababu namba za betri za mtindo wa Kijapani, ambazo wateja wengi huziona kama alama za siri za kiwanda, kwa kweli zinaeleza vipimo hivyohivyo kwa mpangilio. Katika namba 46B24L, tarakimu za mwanzo, 46, ni daraja la uwezo, na si kiasi cha ampea-saa kama inavyodhaniwa mara nyingi. Herufi B hutaja umbo la ubavu mfupi wa betri, yaani upana na kimo chake. 24 ni urefu kwa sentimita, ambao kwa milimita ni kama 238. Na L ni upande wa ncha. Betri za kundi B zina upana wa karibu milimita 129, na za kundi D karibu milimita 173, tofauti ya zaidi ya sentimita 4 ambayo hakuna trei nyembamba inayoweza kuimeza. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa maana 55D23L ina urefu wa milimita 232 na kwa urefu ni fupi kuliko 46B24L, hivyo anayepima urefu peke yake hurudi nyumbani akiridhika, na trei ndiyo inayomkatalia. Majina ya zamani bado yanatajwa madukani na hayana budi kujulikana: NS60 ni sawa na 46B24, N50 ni sawa na 48D26, na N70 ni sawa na 65D31, yenye urefu wa takriban milimita 306, ambayo hupatikana zaidi katika magari ya dizeli.

"Na L hiyo," anauliza Mwenye Gari, "ni kushoto kwa nani? Kwa dereva au kwa aliyesimama mbele ya gari?" Swali ni zuri, na jibu lake halitegemei gari hata kidogo. Mtu husimama upande ule wa betri ambao ncha ziko karibu naye. Ncha hasi ikiwa kushoto kwake, betri ni L, na ikiwa kulia kwake, betri ni R. Muuzaji anadokeza kwamba wapo wanaochukua R kwa kuwa L imekwisha, kwa matumaini kwamba wataigeuza. Fundi anapinga kwa nguvu, na mwandishi wa makala haya yuko upande wake bila kusita. Betri iliyogeuzwa huzisogeza ncha hadi upande wa pili wa trei, nyaya zikalazimika kupita juu ya betri yenyewe au kusugua chuma, na siku ngozi ya waya wa chanya itakapochubuka na kugusa bodi, mkondo wa mamia ya ampea utapita pasipo fyuzi yoyote ya kuuzuia. Tena anayefunga usiku kwa tochi ya simu, akiwa amezoea kwamba chanya iko kulia, huweza kuunganisha kinyume kwa sekunde moja tu, na hiyo inatosha kuunguza fyuzi kuu na daiodi za altaneta, yaani vile vipande vinavyougeuza umeme unaobadili mwelekeo kuwa umeme wa mwelekeo mmoja.

Ipo alama nyingine ndogo ambayo hupuuzwa kuliko zote, nayo ni S inayofuata mwishoni mwa baadhi ya namba za kundi B, kama katika 46B24LS. Ncha za betri hazilingani unene. Zile nyembamba zina kipenyo cha karibu milimita 15 kwa chanya na 13 kwa hasi, ilhali zile nene zina karibu 19.5 kwa chanya na 18 kwa hasi, na S humaanisha nene. Corolla ambayo vibano vyake vya nyaya viliundwa kwa ncha nene, ikipewa betri ya ncha nyembamba, vibano havitashika hata vikikazwa hadi mwisho. Kinachofanyika gereji kinajulikana: kipande cha bati la mkebe hukatwa, hukunjwa na kuzungushiwa ncha, kibano hugongwa kwa kitako cha spana, taa zinawaka, na gari linakabidhiwa.

Muuzaji anaona hapo hakuna kosa kubwa. "Fundi, mbona magari mangapi yanatembea na bati hilo na hayajaungua?" Fundi anamjibu kwa hesabu. Stata ya gari dogo la petroli inaweza kuvuta kama ampea 150 wakati wa kuizungusha injini. Kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya ohmu tu, ambao bati lenye kutu na rangi huuleta bila shida, hupoteza volti 1.5 palepale kwenye kibano, na volti hizo hugeuka joto. Taa huwaka kwa kuwa zinahitaji ampea chache, lakini stata hulegea, na mwenye gari huambiwa betri mpya ni mbovu, au mbaya zaidi, huambiwa stata imekufa. Kuna vikombe vya risasi vilivyotengenezwa maalumu kwa kuvalishwa juu ya ncha nyembamba, na bei yake ni ndogo. Duka linalouza betri lisilokuwa navyo linawanyima wateja kitu cha lazima. Kuchonga ncha nene kwa tupa ili kibano kidogo kiingie ni kosa zaidi, kwa sababu kilichochongwa hakirudi, na dhamana ya betri hufia hapo.

Mabishano makali huanza Muuzaji anapopendekeza kwamba Mwalimu aachane na udogo na kuchukua betri kubwa. Hoja yake ni ya kibiashara, lakini haikosi ukweli: ampea-saa, yaani kipimo cha mkondo ambao betri inaweza kuutoa kwa idadi fulani ya saa, zikiwa nyingi humpa mwenye gari akiba. Betri yenye ampea-saa 45, kwa kipimo cha saa 20, hutoa ampea 2.25 kwa muda huo wote kabla ya kuisha. Yenye 60 hutoa ampea 3. Mwenye Gari anasita, kwa kuwa amesikia tangu ujana wake kwamba betri kubwa huunguza altaneta, na stata nayo huungua kwa kupewa umeme mwingi.

Katika hili Fundi, ambaye wengi wangetarajia amuunge mkono Mwalimu, anamrekebisha kwa adabu, na sayansi iko naye. Stata huchukua mkondo inaouhitaji kwa volti iliyopewa; betri yoyote ya volti 12 iliyojaa huipa volti zilezile, na ukubwa wa kasha hauilazimishi kunywa zaidi. Altaneta nayo, ambayo kidhibiti chake huishikilia kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi, hurudisha kile tu kilichotolewa. Kuwasha injini mara moja hutumia sehemu ndogo sana ya chaji, iwe betri ni kubwa au ndogo, na kujazia pengo hilo ni kazi ya dakika chache. Hata hivyo hofu ya wazee haikutoka hewani. Betri kubwa iliyokwisha kabisa, ikipigwa jampa kisha ikaachiwa altaneta iliyochoka iijaze njia nzima kutoka Chalinze hadi Dar es Salaam, huiweka altaneta hiyo katika kazi ya juu kwa muda mrefu kuliko ndogo, na joto la kazi hiyo ndilo linalochoma. Betri iliyokufa inapaswa kujazwa kwa chaja, taratibu, kabla ya kurudishwa garini, na kanuni hiyo haibagui ukubwa.

Jambo ambalo Muuzaji hakulisema, na ambalo mteja ana haki ya kuambiwa, ni kwamba betri kubwa mara nyingi huuzwa kufunika ugonjwa. Taa ya buti ya wati 5 isiyozimika huvuta karibu ampea 0.4, ambazo kwa siku nzima ni ampea-saa 10. Betri ya 45 haitaifikisha siku ya tano, na ya 60 itaongeza siku moja na nusu tu kabla ya gari kukataa kuwaka. Gari lililozimwa, likiwa na saa na kengele yake ya wizi, halipaswi kuvuta zaidi ya takriban ampea 0.05. Kipimo hiki hufanywa kwa mita iliyounganishwa kati ya ncha hasi na waya wake, milango ikiwa imefungwa na funguo ikiwa imetolewa, na kinapaswa kutangulia ununuzi wowote. Kumuuzia mstaafu betri ya bei kubwa pasipo kumpimia gari lake ni kumdhulumu, hata kama betri yenyewe ni nzima.

Pia kuna mpaka ambao ampea-saa haziuvuki, nao ni kufungwa. Ndani ya kila betri ya volti 12 mna vyumba sita, kila kimoja cha volti kama 2.1, vyenye pleti za risasi zilizopakwa dutu laini. Pleti zikitikiswa kwenye barabara ya makorongo, dutu hiyo hupukutika na kulundikana chini mpaka iguse pleti mbili na kuleta shoti. Betri ya Kijapani hushikwa kwa chuma kinachopita juu yake na kuvutwa chini na boliti mbili ndefu zenye ndoano. Betri ya mtindo wa Ulaya, ambayo wengi huijua kwa jina la DIN, hushikwa kwa kabari inayobana ukingo wa kitako chake, na ni fupi zaidi: milimita 175 au 190 kwa kimo, ncha zake zikiwa zimezama, ilhali ya Kijapani, ncha zikihesabiwa, hufika karibu 225. Kwa hiyo DIN katika Corolla hulala chini ya chuma kisichoifikia. Kinyume chake ni hatari kuliko hivyo, kwa kuwa betri ya Kijapani ndani ya Volkswagen au Peugeot kuukuu huweza kuigusisha ncha chanya na boneti mara tu linapofungwa. Mfuniko wa plastiki juu ya ncha husaidia, lakini haupaswi kuwa ndio kinga pekee kati ya gari na moto.

Magari ya zamani zaidi yana maswali yake. Land Rover nyingi za mwanzo za miaka ya 1960, na magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo, ziliunganisha ncha chanya na bodi badala ya hasi. Volkswagen za kobe za zama hizo zilitumia volti 6. Mwenye gari la namna hiyo hapaswi kukubali betri yoyote kabla ya kufuata waya uliofungwa kwenye bodi na kuhakikisha unatoka ncha ipi, kwani huenda kuna aliyekwisha kubadilisha mfumo mzima bila kuacha maandishi. Kwa upande wa pili wa umri, Toyota Prius ya kizazi cha pili, ambayo nayo sasa imezeeka, huweka betri yake ndogo ya volti 12 nyuma, ndani ya sehemu wanamokaa watu, na kwa hiyo hutaka betri iliyozibwa yenye kijibomba cha kutoa gesi nje. Kuipa ya kawaida kwa sababu imeingia kwenye nafasi ni kuiruhusu haidrojeni ikusanyike mgongoni mwa abiria.

Mwenye Gari anarudi na swali kuhusu namba nyingine iliyochapwa kwa herufi kubwa, ampea za kuwasha kwenye baridi. Hizo ni ampea ambazo betri inaweza kuzitoa kwa sekunde 30, kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, pasipo volti kushuka chini ya 7.2. Muuzaji huitumia kusifu bidhaa. Fundi anakumbusha kwamba hali hiyo haijapata kuonekana Kariakoo wala Kisauni. Namba hiyo inafaa kulinganishia betri mbili za ukubwa mmoja, lakini adui wa betri huku ni joto. Kanuni inayofuatwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya kuchakaa huongezeka takriban maradufu, na kwa hiyo ngao ya bati au plastiki kati ya betri na injini, ambayo magari mengi ya zamani yameshaipoteza, ina faida kuliko ampea 50 za ziada kwenye lebo.

Joto hilohilo hufanya kazi dukani. Betri iliyojazwa tindikali kiwandani hupoteza chaji ikiwa imekaa tu, na ikiachwa chini ya volti 12.4 kwa muda mrefu, salfeti ya risasi hugandamana juu ya pleti na kuwa ngumu, hali isiyoponywa kikamilifu na chaja. Mteja ana haki ya kuomba mita na kuona 12.6 au zaidi, na kuonyeshwa tarehe ya kutengenezwa. Betri inayouzwa kavu na kumwagiwa tindikali mbele ya mnunuzi haina udhaifu huo ikiwa vizibo vyake havijafunguliwa, ila inahitaji muda wa kutulia na kuongezewa chaji kabla ya kupigishwa stata. Muuzaji analikubali hili pasipo ubishi, na ni kwa heshima yake kwamba analitaja mwenyewe: mteja mwenye haraka ndiye asiyetaka kungoja.

Linabaki suala la betri iliyokufa, ambayo Mwenye Gari alidhani ataiacha dukani na kupunguziwa bei. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi hiyo hununuliwa. Ndiyo sababu wanunuzi wa vyuma chakavu huizunguka mitaani. Fundi anasisitiza ibaki nzima, imesimama wima, tindikali ikiwa ndani, na ikabidhiwe duka linalompelekea mwenye leseni ya kuichakata. Katika Kaunti ya Mombasa nchini Kenya, mtaani Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kiliwaachia wakazi na watoto wao sumu mwilini. Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, shauri lililoendelea hadi Mahakama ya Juu. "Mama," anauliza Mwenye Gari, "hii ikitoka hapa inakwenda kwa nani?" Muuzaji anafungua daftari lake, anamwonyesha jina la mchakataji na tarehe ya mzigo wa mwisho, na Mwalimu anaomba aandikiwe hayo kwenye risiti pamoja na namba ya betri mpya, 46B24LS, iliyopatikana kwa kupima trei.